Ameokoka, lakini jioni hana pa kukaa

Mama Mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Mikindani, hapa Mombasa, na mke wangu na watoto watatu, na kazi yangu ni ukarani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Kanisani niko katika kikundi cha kulea waongofu wapya. Mwaka jana, baada ya mkutano wa injili uwanja wa Tononoka, tuligawiwa majina ya waliokata shauri, mimi nikapewa karatasi ya watu saba. Wawili simu zao hazikuwahi kuingia. Mmoja alihamia Voi. Wengine walikuja Jumapili mbili tatu wakapotea. Nimebaki na mmoja tu, na ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Nitamwita Ndugu K. Ana miaka 28, anaendesha tuktuk ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Anaishi kijiji cha Bangladesh, hapa hapa Mikindani, na mwanamke ambaye amezaa naye watoto wawili, ndoa hawajafunga. Alipookoka, Mama, tuliona moto. Wiki ile ile aliacha kutafuna majani ya muguka, akabandika "Bwana ndiye mchungaji wangu" kwenye kioo cha tuktuk, akawa wa kwanza kufika ibada ya asubuhi. Nilimpa kitabu chetu cha masomo ya waongofu, kile cha kusoma mstari na kujaza majibu. Tulifika somo la nne. Tangu hapo, kila tukikutana kitabu amekisahau nyumbani.

Baada ya miezi kama mitatu mambo yakaanza kulegea. Jumapili haonekani, na nikipiga simu mama watoto ananiambia amelala tangu jana. Halafu juzi nikitoka kazini nilipita maskani yao ya zamani, pale nyuma ya steji, nikaona tuktuk yake imeegeshwa. Alikuwa ameketi kwenye gogo katikati ya wenzake, shavu limetuna, chupa ya maji na njugu pembeni. Tukaangaliana. Akainamisha kichwa, mimi nikapita. Saa tano usiku akanipigia akilia: "Kaka, niombee, mimi nimeoza."

Simu hizo za usiku zimekuwa nyingi. Siku nyingine anataka maombi, siku nyingine hesabu imepungua shilingi mia tatu na mwenye tuktuk ametishia kumnyang'anya ufunguo. Nimemtumia pesa mara kadhaa na hajarudisha. Mke wangu amechoka; ananiambia nimejitwika mtoto wa nne mwenye ndevu.

Mzee anayesimamia darasa la ubatizo amesema K. habatizwi mpaka aache muguka kabisa, na amtoe yule mwanamke nyumbani au wafunge ndoa. K. anasema harusi hana uwezo nayo. Stejini nako wenzake, wengi wao Waislamu, humuuliza mambo ya Utatu. Yeye hupandwa na hasira, na siku moja nusura wapigane. Anataka nimpe majibu ya kuwamaliza. Ilhali hao hao ndio waliomchangia mwanawe alipolazwa.

Ndugu wenzangu wanasema huyu hakuokoka kweli, nimwachilie nitafute wengine. Mama, nimwache? Nimkabidhi kwa mtu mwingine? Au kuna kitu tunakosea katika kumlea?

Mlezi, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe sana.

Usimwache. Nimetaka ulisikie hilo kwanza, kisha tuzungumze taratibu, maana barua yako imebeba mengi.

Tuanze na ile maskani. Dereva wa tuktuk huamka alfajiri, hushinda kwenye jua na moshi wa malori ya Changamwe, na akishapeleka hesabu anatafuta pa kuketi. Miaka yote kabla ya kuokoka, K. alikuwa napo. Pale kwenye gogo anajulikana kwa jina. Asipoonekana siku mbili kuna atakayeuliza kapatwa na nini. Mtoto akilazwa, watu wanachanga kabla hajafungua mdomo. Sisi tukamwambia atoke huko, naye akatii, akatoka. Akaenda wapi? Kanisa linampa Jumapili asubuhi, pengine na ibada ya katikati ya wiki, saa ile ile ambayo abiria wanatoka kazini na yeye ndipo anapopata riziki. Jioni nyingine zote ni zake peke yake. Anarudi kwenye chumba kidogo, watoto wamelala, mama yao amechoka, naye ameshika simu mkononi. Sasa unajua kwa nini yako inalia saa tano usiku.

Umeuliza kama kuna kitu mnakosea. Nionavyo mimi, mmempa masomo na masharti, na hamjampa wenzake. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea kunataka mtu awe karibu siku za kawaida, zile ambazo hakuna mkutano wala vipaza sauti. Soma tena Matendo ya Mitume sura ya 2. Siku ya Pentekoste waliongezeka watu wapatao elfu tatu, na Luka haishii kwenye hesabu. Anasema walidumu katika fundisho la mitume, na ushirika, na kumega mkate, na kusali, na mstari wa 46 unataja nyumba. Walikula nyumba kwa nyumba. Kanisa lile lilipata meza za kuwakalisha wageni wote wale.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wa watu hao walikuwa wameshushwa kutoka majahazini bila ukoo, bila jamaa, bila kwao. Walihubiriwa Neno, na pia walipata nyumba, mashamba, shule na majirani. Kengele yao ndiyo iliyopaacha pale panaitwa Kengeleni mpaka leo. Kanisa la pwani hii lilikua kwa watu kupewa mahali.

Kwa hiyo chagua jioni moja ya wiki, tuseme Jumanne, na umwambie K. kwamba jioni hiyo ni yake nyumbani kwako. Aje akishapeleka hesabu. Mkeo asijisumbue kupikia mgeni; ale sima na maharagwe ya nazi mnayokula siku zote. Watoto wafanye kazi zao za shule hapo hapo mezani. Akuone unavyosema na mkeo tokeni za stima zikiisha katikati ya chakula, akuone ukimwomba mtoto radhi ulipomkaripia bure. Hajawahi kukaa ndani ya nyumba ya mtu aliyeokoka akaona maisha yanavyokwenda, na hakuna kitabu cha masomo kitakachomwonyesha hayo. Mkimaliza, someni kidogo, ombeni kwa ufupi, aende zake. Siku nyingine aje na mama watoto na wale wadogo.

Na usiwe peke yako. Mkeo amesema kweli kuhusu mtoto mwenye ndevu, msikilize. Mtafutie K. wanaume wengine wawili wa Mikindani, kila mmoja na jioni yake. Mmoja awe dereva au makanga aliyewahi kutafuna muguka akaacha. Mombasa hii hawakosekani, uliza hata makanisa ya jirani, si lazima awe wa kwenu. Huyo atajua maneno ambayo wewe karani huyajui. Simu nayo iwekee mpaka: baada ya saa nne usiku usipokee, isipokuwa kuna mgonjwa. Mwambie hivyo kwa mdomo, mkiwa mezani, akuone uso. Ukimwandikia ujumbe atadhani umemkimbia.

Sasa muguka yenyewe. Wengi wetu tunaihubiri bila kuijua. Ndani ya lile jani, kama ilivyo kwa miraa, kuna kemikali iitwayo kathinoni, jamaa ya zile dawa za kuchangamsha mwili. Inafukuza usingizi na njaa, ndiyo maana madereva wanaipenda. Anayetafuna usiku wa Ijumaa na Jumamosi ili akusanye hesabu, Jumapili mwili unamdai usingizi wote kwa mkupuo. Anayeacha ghafla naye hulala mno, huingiwa na huzuni, huota ndoto mbaya, hukasirika kwa jambo dogo. Sasa rudi kwenye barua yako. Amelala tangu jana. Analia usiku. Nusura apigane stejini. Pengine kanisani mambo haya yamehesabiwa kuwa uvivu, kukosa imani na kiburi. Mimi naona pia mwili unaosumbuka, na mwili unaosumbuka unahitaji chakula, usingizi na mtu wa kuuangalia, pamoja na maombi.

Unakumbuka Mei 2024 kaunti yetu ilipopiga marufuku muguka, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Embu na amri ikasimamishwa. Ni biashara kubwa yenye wakulima, wachuuzi na kodi nyuma yake. Kijana mmoja anayeegesha tuktuk hatua chache kutoka kwa muuzaji asiachwe apambane nayo peke yake. Muulize kiu humshika saa ngapi. Wengi watakuambia ni alasiri, foleni imelala, jua kali, tumbo tupu. Basi saa hiyo ndiyo ya wewe kumpigia simu, dakika mbili tu. Ale chakula cha mchana. Wiki za mwanzo asiendeshe usiku, maana dereva aliyezoea kuamshwa na muguka anaweza kusinzia na abiria wamo ndani. NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192, ya kuzungumza na washauri. Ipigeni mkiwa pamoja mara ya kwanza, ajue si jambo la aibu. Na mkubaliane hivi: akianguka akuambie siku ile ile, wewe usishtuke, mwanze tena.

Kuhusu hao ndugu wanaosema hakuokoka. Mtu asiyejali huendelea kutafuna, akakupungia mkono. K. aliinamisha kichwa, na usiku akakutafuta wewe. Mioyo yote anaijua Mungu, lakini machozi yale siyaoni kuwa ya mtu aliyekufa kiroho. Wakumbushe ndugu zako habari za Yohana Marko, aliyewaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia akarudi zake nyumbani. Paulo alikataa kabisa kumchukua tena safari iliyofuata, wakagombana na Barnaba mpaka wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro. Miaka mingi baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kati ya safari ile na barua ile kulikuwa na mtu aliyekubali kutembea na aliyerudi nyuma. Biblia haituambii Barnaba alimwambia nini njiani, na mimi ningependa sana kujua.

Hapo ndipo nafika kwenye kile kitabu cha masomo. Kila wiki amekisahau nyumbani? Mwanangu, huenda K. hasomi vizuri. Wako wengi walioacha shule mapema, wanasoma vibao vya barabarani na ujumbe wa simu, lakini ukurasa mzima wa maandishi madogo na nafasi za kujaza unawatoa jasho. Mtu mzima atakubali umwone mvivu kuliko akubali umwone hajui kusoma. Usimuulize mbele ya watu wala usimtege kwa kumpa asome kwa sauti. Kiweke kitabu kando kabisa, umwambie kuna njia nyingine. Biblia ya Kiswahili ya kusikiliza inapatikana kwenye simu bila malipo. Mpakulie Injili ya Marko, ambayo kwa mapokeo ya kanisa tangu zamani ni ya huyo huyo Marko aliyerudi nyuma. Ina sura 16, na sura moja inaisha akiwa bado foleni. Jumanne mkikutana muulize tu: umesikia nini, nini hukukielewa, na Yesu angekuwa stejini kwenu angefanya nini? Maswali hayo yanatosha kwa miezi mingi.

Nimechelewesha jambo la yule mwanamke kwa sababu ndilo lililoniuma. Barua nzima ametajwa kama kikwazo cha ubatizo. Hakuna mahali umeniambia kama anaamini, kama amewahi kualikwa kanisani, kama anataka kuolewa na K., au hata kama kuna mtu amemtembelea akanywa maji nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyeamka asubuhi moja akakuta mwanamume wa ndani mwake amebadilika, anaimba nyimbo asizozijua, na watu wa dini wanasema yeye aondoke. Ningekuwa yeye ningeliogopa sana kanisa hilo.

Kwa heshima yote kwa mzee wa darasa la ubatizo, kumtoa nyumbani sikubaliani nako. Aende wapi na watoto wawili? Baba wa watoto anayewatelekeza ili abatizwe ameongeza kosa juu ya kosa. Njia iliyonyooka ni ndoa, na ndoa haina gharama kama K. anavyodhani. Anachoogopa ni harusi: hema, suti, keki, kamati ya michango. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kikristo ikifungishwa na mhudumu mwenye leseni na kusajiliwa. Mengi ya hayo mengine ni sherehe. Wanaweza kufunga Jumapili baada ya ibada wakiwa na nguo zao safi na mashahidi wawili. Kazi kubwa iko kwa wakwe. Ni lazima aende kwa wazazi wa yule dada, ajitambulishe, azungumzie mahari, aombe apewe muda. Kijana wa kijiji cha Bangladesh huenda hana mzee wa kumsindikiza. Nendeni naye, wewe na mzee mmoja wa kanisa, mkawe wazee wake. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemfundisha habari za ndoa kuliko somo lolote.

Lakini mkeo atangulie. Amtembelee yule dada, bila ajenda, asikilize. Yawezekana hataki kuolewa, yawezekana ana majeraha yake kuhusu K. na hizo pesa za muguka. Msimpangie. Na kanisa likiwataka walale mbalimbali hadi siku ya kufunga, hizo ziwe wiki chache tu, na yeye na wanawe wapokelewe nyumbani kwa mtu kwa upendo, wasitupwe nje.

Kuhusu steji sina maneno mengi. Usimpe majibu ya kuwamaliza. Mombasa imeona mihadhara ya kutosha ambayo watu waliondoka na hasira bila kumjua Mungu zaidi. Habari za Utatu kanisa lenyewe lilikaa Nikea mwaka 325 kuzijadili, na mjadala haukuishia hapo. Hatazimaliza yeye kati ya abiria wawili. Mfundishe kusema, "Hilo bado najifunza, lakini naweza kukuambia aliyonitendea Yesu," kama yule kipofu wa Yohana 9 aliyejua jambo moja tu, kwamba zamani haoni na sasa anaona. Akaombe radhi kwa yule aliyegombana naye. Awashukuru kwa mchango wa hospitali, Idd ikifika akawape mkono, na mmoja wao akifiwa awe wa kwanza msibani. Kuiacha maskani ya muguka hakumlazimu kuwaacha majirani.

Pesa: usimkopeshe tena. Waweza kumpa ukiwa nacho na mkeo ameridhia, lakini deni linamfanya akukwepe, na anayekukwepa huwezi kumlea. Wagalatia sura ya 6 inatuambia tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Kulazwa kwa mtoto ni mzigo, mbebeni. Hesabu ya kila siku ni furushi lake, na akiacha kununua muguka ataona mwenyewe kiasi kinachobaki mfukoni. Mwambie aandike matumizi ya wiki moja, au ayarekodi kwa sauti kama kuandika ni taabu.

Ila Jumapili mnaweza kumsaidia bila kumpa senti ya bure. Kanisa lenu lina akina nyanya wa Mikindani na Kwa Jomvu wanaolipa nauli kila wiki na kupanda matatu kwa shida. Wapange na K. awachukue asubuhi na kuwarudisha, walipe nauli yao ya kawaida. Hesabu yake haianguki, na yuko ibadani kwa kuwa abiria wake wako ibadani. Zaidi ya hayo, ana kazi katika nyumba ya Mungu. Nimeona waongofu wengi wakikauka kwa sababu mwaka mzima waliwekwa kwenye kiti cha kufundishwa tu. Hao nyanya nao watamlea kwa njia yao. Watamuuliza kama amekula, watamkaripia akikimbiza tuktuk, na asipokuja watajua mapema kuliko wewe.

Wale sita waliobaki kwenye karatasi yako usijilaumu nao, na usiwafute pia. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na ndani ya miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, akajiunga naye mwaka 1846. Kwa miaka mingi waliobatizwa kule Rabai walihesabika kwa vidole. Rebmann alibaki mpaka 1875, akiwa amepoteza macho. Kwa hiyo mmoja kati ya saba usimwone mchache. Yule wa Voi mpigie, umuulize kama amepata kanisa, na kama hajapata mwombe mchungaji awasiliane na wenzake wa huko. Waliokuja Jumapili mbili tatu watembelee mara moja, wewe na mwenzako, mkanywe chai. Baada ya hapo waombeeni.

Kuhusu kumkabidhi K. kwa mtu mwingine: ukiwa umepata wale wawili wa kusaidiana nawe, hutakuwa na haja ya kumkabidhi. Ukihamishwa kazi, mpeleke mwenyewe kwa atakayemlea, kama Barnaba alivyomshika Sauli akampeleka kwa mitume wakati wote walikuwa wanamwogopa. Asikabidhiwe tena kwa karatasi.

Ubatizo umeachwa mwisho kwa sababu uamuzi wake si wako wala wangu. Nenda kwa mchungaji wiki hii, kabla ya darasa lijalo, na uombe yule mzee awepo, isionekane umempita. Usiende kumshtaki. Eleza habari za muguka na mwili, eleza mpango wa kwenda kwa wakwe, na uulize swali moja lililo wazi: K. akionyesha nini, kwa muda gani, atabatizwa? Makanisa yanatofautiana, yako yanayobatiza mapema na kulea baadaye, na yako yanayosubiri. Yote mawili yana sababu zake. Lakini kusubiri bila kujua unasubiri nini kunavunja moyo. Wakikupa jibu, mpelekee K. Jumanne hiyo hiyo, nawe uniandikie wamesema nini.